Mvua ya kwanza Cheptiret: Uchafu usioombewa kibali

Kama umewahi kusafiri kwa matatu kutoka Eldoret kwenda Nakuru, bila shaka umeipita Cheptiret, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu, mahali ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi huiacha lami ya Nakuru na kuelekea Kesses. Ukibahatika kuwa hapo mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, siku ile mvua ya kwanza inapovunja kiangazi, simama barazani mwa duka uangalie mtaro.

Maji yanayokimbia mtaroni katika dakika kumi za kwanza hayana rangi ya maji. Ni meusi karibu na gereji, mekundu karibu na shamba lililolimwa juzi, na yana povu mahali ambapo pikipiki huoshewa. Juu yake huelea chupa za plastiki, magunzi ya mahindi na mavi ya ng'ombe. Baada ya nusu saa hivi huanza kutakata. Watu waliojikinga mvua husema kwamba Mungu ameusafisha mji. Ni kweli umesafishwa. Lakini uchafu wenyewe umepelekwa wapi, na ni nani aliyepewa ruhusa ya kuupeleka huko?

Swali la ruhusa laweza kuonekana kuwa la mawakili na si la ukurasa wa afya. Naomba msomaji anivumilie kidogo. Ugonjwa wa kuhara katika nyumba iliyo chini ya mteremko mara nyingi huanzia katika uwanja ulio juu ya mteremko huo, na mwenye uwanja hawezi kuulizwa lolote kama hakuna karatasi inayomtaja.

Hesabu ya matone

Tuanze na hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Tuseme gereji ina uwanja wa mita 20 kwa mita 25. Hizo ni mita 500 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kunyesha alasiri moja katika nyanda za Uasin Gishu, huuletea uwanja huo lita 10,000. Hayo ni mapipa 50 ya lita 200 kila moja.

Uwanja wa gereji, uliokanyagwa na magurudumu na kunyweshwa oili kwa miaka, haunywi maji. Mabati na lami hali kadhalika. Karibu yote hutiririka. Shamba lenye nyasi au lenye matandazo hunywa sehemu kubwa ya mvua yake, lakini shamba lililolimwa kwa trekta na kuachwa wazi, hasa likiwa limelimwa kufuata mteremko, huachilia maji pamoja na udongo. Ndiyo maana kituo kinapokua, mabati yakiongezeka na nyasi zikipungua, mitaro ile ile iliyotosha zamani hufurika, ingawa mvua haijaongezeka.

Tena kuna jambo la wakati. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja mrefu, wa kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Septemba, na kabla yake ni miezi kadhaa ya vumbi. Katika miezi hiyo, kila tone la oili, kila kinyesi cha mifugo, masizi ya malori na unga wa breki hubaki palepale pakisubiri. Mvua ya kwanza hukomba akiba yote hiyo kwa mara moja. Wataalamu wa maji wanajua kwamba maji ya mwanzo wa mvua kwa kawaida huwa machafu kuliko yale yanayofuata saa moja baadaye. Na hapo ndipo mkulima wa mahindi anapokuwa ameingiza mbolea ya DAP shambani, kwa kuwa huu ndio wakati wa kupanda.

Kilichomo ndani yake

Mtu akitaka kuelewa madhara ya maji hayo, yafaa ayagawe katika mafungu mawili, kwa sababu tiba ya fungu moja haifai kitu kwa lingine.

Fungu la kwanza ni viini vya magonjwa. Hivi hutoka katika vyoo vya shimo vilivyojaa, vichaka vinavyotumiwa kama vyoo, mazizi na mahali pa kuchinjia. Huleta kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo. Mkojo wa panya nao huleta homa inayowapata watu wanaotembea peku katika maji ya mafuriko, hasa wakiwa na kidonda mguuni. Viini hivi vina adui anayejulikana, nao ni moto. Maji yakichemka sawasawa, hufa. Dawa ya klorini pia huviua vingi, lakini hapa pana onyo ambalo watu wengi hulisahau: klorini haifanyi kazi vizuri katika maji yenye matope. Udongo huimeza dawa na kuvificha viini. Maji ya mvua yaliyoingia kisimani ni lazima yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa kizito kilicho safi, ndipo yatiwe dawa.

Fungu la pili ni kemikali. Hapa ndipo mama mwangalifu anayechemsha maji kila jioni anapodanganyika. Moto hauondoi oili, wala madini ya risasi yaliyotoka katika betri kuukuu iliyopasuliwa nyuma ya duka, wala haiondoi nitrati inayotokana na mbolea na samadi. Kwa nitrati mambo ni mabaya zaidi. Maji yakichemka, sehemu yake huondoka kama mvuke, na nitrati yote hubaki katika maji kidogo yaliyosalia. Yaani unayazidisha makali.

Nitrati humdhuru hasa mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Huifanya damu yake ishindwe kubeba hewa ya kutosha. Midomo, ufizi na kucha za mtoto hugeuka kuwa za rangi ya kijivu au samawati, naye huhema kwa shida. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, na mama aseme maji aliyotumia yametoka wapi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na mtoto huyo ndiye aliyefikiriwa. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake hana hatari hii kwa kuwa hanywi maji ya kisima, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kumnyonyesha miezi sita ya kwanza bila kumpa kitu kingine.

Madini ya risasi nayo hayana kiwango ambacho wataalamu wanakijua kuwa salama kwa mtoto. Huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Oili chafu, ile ambayo wengi wetu huipaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile, ina mabaki ya vyuma na kemikali nyingine za injini. Kuipaka kwenye nguzo moja si sawa na kumwaga pipa mtaroni, lakini nimeona mengi ya hayo ya pili.

Walkerton, mji wa wafugaji

Msomaji wa Eldoret anayekunywa maji ya mfereji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya visima vya Cheptiret, hayamhusu. Nitamjibu kwa kisa cha mji mmoja wa Kanada ambao kwa maisha yake haukuwa tofauti sana na vituo vyetu: mji wa Walkerton, jimbo la Ontario, wenye watu wasiofika 5,000, uliozungukwa na mashamba ya ng'ombe.

Mei 2000 ilinyesha mvua kubwa mfululizo. Shamba moja lililokuwa karibu na kisima cha mji lilikuwa limetandazwa samadi majira hayo ya kuchipua. Maji ya mvua yakabeba viini vya samadi hiyo hadi katika kisima, ambacho hakikuwa kirefu. Miongoni mwa viini hivyo kulikuwa na aina kali ya E. koli, ile inayoleta kuhara damu na kuharibu figo za watoto. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 wakaugua, yaani karibu nusu ya mji.

Uchunguzi wa serikali uliofuata ulisema mambo mawili yanayostahili kukumbukwa hapa kwetu. La kwanza, mkulima hakulaumiwa. Alikuwa amefuata taratibu zote za kilimo bora zilizokuwako. La pili, wahudumu wa maji walikuwa hawapimi klorini inavyotakiwa, na waliandika vipimo vya uongo katika daftari, huku ofisi iliyotoa kibali cha kisima ikiwa haijasisitiza ulinzi unaofaa. Hayo ni maji ya mfereji, tena ya nchi tajiri.

Na hata kama mfereji wako ni safi, je, sukuma wiki? Mboga nyingi zinazouzwa katika masoko ya Eldoret humwagiliwa au kuoshwa kwa maji ya vijito vya mashambani. Maji ya sehemu kubwa ya Uasin Gishu hayaishii hapa. Sosiani inayopita katikati ya Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, huingia Kipkaren, kisha Nzoia, na hatimaye Ziwa Victoria. Kila kituo kilichoko njiani huongeza chake.

Leseni inayotafuta bomba

Sasa tufike kwenye kibali. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inamkataza mwenye biashara au kiwanda kumwaga majitaka katika mazingira bila leseni. Leseni hiyo hutolewa na NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za ubora wa maji zilizotungwa mwaka 2006 zilieleza vipimo. Kwa mfano, majitaka yanayoingia mtoni yasizidi miligramu 30 za chembechembe kwa lita, na yasiwe na mafuta wala grisi kabisa. Kanuni hizo zilikataza pia kulima au kujenga kandokando ya mto katika ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kila upande, kuanzia pale mafuriko yalipowahi kufika.

Ukisoma sheria yenyewe utakuta kwamba neno majitaka limepewa maana pana. Ni maji au kioevu chochote kinachotokana na nyumba, kilimo, biashara au kiwanda, kilichosafishwa au kisichosafishwa, kinachoingia katika maji ya asili moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Kwa maoni yangu, lita 10,000 zinazotoka katika uwanja wa gereji zikiwa zimebeba oili zinaingia katika maana hiyo bila kusukumwa.

Lakini utekelezaji ni kitu kingine. Leseni yetu imezoea kutafuta bomba. Kiwanda kina bomba, hoteli kubwa ina bomba, kampuni ya maji ina mabwawa ya kusafishia na mahali pa kutolea. Afisa huenda na chupa yake, huchukua maji, huyapima. Gereji ya Cheptiret haina bomba. Ina uwanja, na uwanja una mteremko, na mteremko una mvua. Siku afisa anapokuja pengine kuna jua, na hakuna kitu cha kupima. Sijauona mtaro wa mji wetu wowote ambao ungefaulu mtihani wa 2006 katika dakika kumi za kwanza za mvua ya Aprili.

Wamarekani walikuwa na tatizo hilo hilo. Sheria yao ya maji safi ya 1972 iliweka vibali kwa kila aliyekuwa na bomba, na baada ya miaka kumi hivi waliona kwamba viwanda vimejirekebisha lakini mito mingi bado ni michafu. Kilichobaki kilikuwa kinatoka barabarani, viwanjani na mahali pa ujenzi. Ndipo mwaka 1987 bunge lao likaiongeza mvua katika sheria. Mwaka 1990 zikatoka kanuni za vibali vya maji ya mvua kwa viwanda, kwa miji yenye mifumo ya mitaro inayohudumia watu 100,000 au zaidi, na kwa ujenzi wa ekari 5 na zaidi. Mwaka 1999 wakaishusha ekari hiyo hadi 1 na kuiingiza miji midogo.

Vibali hivyo haviulizi tu kilichomo katika maji. Humtaka mwenye uwanja aandike mpango: oili anaiweka wapi, kama pipa limeezekwa, maji yanatokea upande gani, na nani huokota uchafu kabla ya mvua. Uwanja ukiwa umefagiliwa, mvua itabeba nini? Huo ndio ujanja wote wa vibali vya mvua, nao haugharimu mtambo wowote. Sidai kwamba mito ya Marekani imekuwa safi yote. Lakini mtu mmoja kwa kila uwanja anajulikana kwa jina.

Mtaro ni wa nani?

Ukiuliza hapa kwetu mtaro ni wa nani, utazungushwa. Mtaro wa barabara kuu uko chini ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KeNHA. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti mifumo ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Mto wenyewe unasimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kwa anayemwaga kitu cha kuchafua ndani yake. NEMA ina leseni yake. Afisa wa afya ya umma naye ana Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, sheria ya tangu enzi za ukoloni, inayomruhusu kumpa mtu notisi aondoe mtaro au shimo linalohatarisha afya ya majirani.

Ofisi tano, mtaro mmoja. Kila ofisi inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba sehemu kubwa ya jambo hilo iko kwa mwenzake. Mimi ningeanza na kaunti na afisa wa afya, kwa sababu ndio walio karibu.

Asidhani mtu kwamba kibali kikikosewa hasara huishia kwenye karatasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Wakazi walieleza jinsi moshi na maji machafu ya kiwanda yalivyoingia katika makazi yao, na watoto wakapatikana na madini ya risasi katika damu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliotwikwa lawama ni NEMA yenyewe. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliwapa wakazi haki yao. Kuna wazazi waliokwisha kuzika.

Chupa ya kioo

Katika vibali vya mvua vya Marekani kuna kipimo kimoja ambacho nakipenda kwa sababu hakihitaji maabara. Mwenye uwanja hutakiwa mara moja kila miezi mitatu achukue maji yanayotoka kwake katika nusu saa ya kwanza ya mtiririko, baada ya siku tatu hivi bila mtiririko mwingine, ayatie katika chupa safi ya kioo, kisha ayaangalie mchana peupe. Ana rangi gani? Yananuka nini? Kuna utando wa mafuta unaometameta? Kuna povu? Nini kinaelea, nini kinazama, na baada ya nusu saa chini ya chupa kumebaki matope unene gani? Huyaandika hayo pamoja na tarehe.

Chukua chupa ya jemu iliyooshwa vizuri. Siku ya mvua, vaa mabuti, chukua maji pale mtaro unapotoka katika kituo, na mengine juu ya kituo kabla hayajaingia. Ziweke chupa mbili dirishani. Ukiwa na simu, zipige picha na uandike saa. Tofauti kati ya chupa hizo mbili ndiyo mchango wa kituo chenu. Afisa anayeletewa chupa mbili na tarehe tatu humsikiliza mtu kuliko yule anayeletewa malalamiko matupu. Usiyaonje, na unawe mikono kwa sabuni. Wala usidanganyike kwamba maji maangavu ni salama: viini na nitrati havionekani kwa macho. Kwa hayo ni lazima maabara, na afisa wa afya ya umma anaweza kukuelekeza.

Kuna haki nyingine ambayo wananchi wachache huitumia. Sheria ya 1999 inaitaka NEMA iwe na daftari la leseni zote za kumwaga majitaka, na daftari hilo ni la umma. Mtu yeyote anaweza kuomba kulitazama saa za kazi kwa kulipa ada iliyowekwa. Huna haja ya kueleza sababu zako. Na chini ya kifungu cha 70 cha Katiba, mtu anaweza kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Kwenye kisima mambo ni ya fundi. Mdomo wa kisima uinuliwe juu ya ardhi, uwe na kifuniko na sakafu ya saruji inayoelekeza maji mbali. Ukuta wa mita tatu za juu usipitishe maji. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka hapo, tena upande wa chini wa mteremko. Chimba kamtaro kadogo juu ya kisima ili maji ya mvua yapite pembeni. Baada ya mvua ya kwanza, ikiwa maji ya kisima yamebadilika rangi, mchanga na mtoto wasipewe, hata kama yamechemshwa.

Mkulima naye alime kwa kukata mteremko, aache ukanda wa nyasi kati ya shamba na kijito, na asitie mbolea siku ambayo mawingu yamekwisha kufunga. Mbolea iliyosombwa ni pesa iliyosombwa, na katika bei za siku hizi hakuna asiyeijua hasara hiyo. Dawa ya josho isimwagwe kijitoni kamwe.

Maswali mawili

Tumezoea kuulizwa: je, maji ya mvua ya kwenye mabati ni salama? Ni bora kuliko ya mtaro kwa mbali sana, lakini mabati nayo yana vumbi, majani na mavi ya ndege. Yaache ya mwanzo yamwagike. Kwa paa la mita 50 za mraba, lita 25 hadi 50 za kwanza zipotee, ndipo uelekeze mfereji wa paa katika tangi. Kisha chemsha ya kunywa.

La pili ni la wenye gereji ndogo: mimi sina bomba, nina uwanja wa kukodi tu, leseni hiyo itanihusu vipi? Uliza ofisi ya NEMA ya kaunti kabla hawajakuuliza wewe, na kabla ya kwenda, fanya mambo haya kwanza. Pipa la oili chafu liwe na kifuniko, chini ya paa, juu ya saruji yenye kingo, na umpe anayeikusanya kihalali. Betri kuukuu zisilale nje. Mwagia unga wa mbao mahali palipomwagika oili, zoa, usipige maji. Mahali pa kuoshea magari pawe na shimo la saruji la vyumba viwili au vitatu, ambamo mchanga huzama na mafuta huelea, maji yakitoka chini kwa bomba lililopinda. Shimo hilo lichotwe mafuta na kuzolewa tope mara kwa mara, na bila kukosa katikati ya Machi. Likijaa tope halitenganishi kitu, na mvua ya kwanza hulimwaga lote mtaroni kwa alasiri moja.